Vidonge vya Maua Alivyomletea Dada Yake

Msusi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, walipanga chumba kimoja cha biashara wakakigawa kwa pazia: upande huu vioo na dawa za nywele, upande ule cherehani na vitambaa. Wateja walitania kwamba ukiingia humo kichwa kimevurugika na gauni limechanika, unatoka bibi harusi.

Mwaka ule mume wa fundi alihamia kwa mwanamke mwingine. Fundi hakulia mbele ya mtu, ila wasiwasi ulimganda. Moyo ulimwenda mbio, usingizi ukamruka, na mara nyingi aliacha kazi akakimbilia nyumbani kuhakikisha amezima jiko. Mdogo wake aliijua hali hiyo. Ilishawahi kumpata, na vidonge vya mitishamba, vya maua ya njano, vikamtuliza. Akamletea dada kopo zima.

"Meza tu, dada. Ni maua haya, si dawa za hospitali."

Lakini mwili wa dada haukuwa kama wake. Zamani fundi alifanyiwa upasuaji, akawekewa vali ya bandia moyoni, na kila siku alimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Msusi alilijua hilo vizuri. Hakuwaza tu kwamba maua na dawa vinaweza kukutana mwilini vikagombana.

Fundi akaanza kulala, hata utani ukamrudia. Kliniki walipompima, wakakuta damu yake inaganda upesi kuliko ilivyotakiwa. Muuguzi akamuuliza kama kuna dawa mpya anayotumia. Akajibu hakuna, na wala hakukusudia kudanganya. Kwake yeye yale yalikuwa maua. Wakamwongezea dozi kidogo, wakamwambia arudi wiki inayofuata.

Wiki haikuisha. Msusi alikuwa akimsuka mteja aliposikia mkasi unaanguka upande wa pili. Alipofunua pazia, dada alikuwa ameinamia cherehani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia.

Hospitalini daktari alieleza kwa upole. Maua yale hupunguza nguvu ya dawa ya damu. Bonge likaganda, likapanda kichwani. Wapo yanaowafaa, alisema, lakini mwenye dawa nyingine aulize kwanza, na aliyekwisha kuyaanza aseme, asiyaache kimyakimya, maana dozi itabidi ipimwe upya. Msusi alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Ulimi wa fundi ulifunguka tena. Mkono haukurudi. Msusi alipomwangukia miguuni, dada alimwambia taratibu, "Mdogo wangu, wewe ulitaka nilale. Mimi ndiye niliyeulizwa, nikasema hakuna."

Maneno hayo yalimuumiza msusi kuliko matusi.

Siku hizi wanaishi pamoja. Mteja akitaja majani ya kutuliza roho, msusi husimamisha mikono, akamuuliza anatumia dawa gani, ana mimba au hana, kisha akamtuma kwa mfamasia. Wapo wanaomwona mjuaji.

Asubuhi humvalisha dada yake. Juzi fundi alitaka kufunga vifungo mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Alihangaika na cha kwanza, akakiacha, akageuzia uso dirishani. Msusi alivifunga vyote kuanzia chini, na alipofika shingoni akakuta kola imelowa.