Mama Neema Nilikuwa Mimi

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa mizigo. Pale Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nilipakua magunia ya mahindi nikiyakumbatia kifuani, tena kwa majivuno. Kwa hiyo nilipogusa uvimbe mgumu chini ya chuchu ya kushoto, nililaumu magunia. Chuchu ikazama ndani. Ikaanza kutoa damu, shati likachafuka nikiwa kanisani.

Kaka yangu alicheka. "Mwanaume anagonjwaka titi? Utatupatisha haya!"

Mke wangu alishafariki, sikuwa na wa kumwambia. Ndipo nikaingia kwenye kundi la simu la wanawake wenye ugonjwa wa matiti, nikajiita Mama Neema. Neema ni binti yangu. Humo nilipata rafiki, Mama Divine, Mrundi aliyekwisha kukatwa titi. Yeye alituma sauti. Mimi niliandika tu, nikisingizia simu mbovu. Alinitumia hata picha ya kovu lake, nisiogope.

"Usingoje," aliniambia. "Mimi nilingoja. Wende Mbarara."

Nikaenda hospitali ya huko. Baada ya vipimo daktari alinitazama usoni. "Mzee, hii iko kansa. Hata mwanaume inashika. Tunatoa titi yote."

Nililia mbele yake bila aibu.

Kwetu mgonjwa halazwi bila garde-malade, mtu wa kumpikia na kumwosha. Nikaandika kundini kwamba mimi sina. Hilo ndilo lililoniponza. Siku ya tatu baada ya upasuaji, mrija wa damu ukining'inia ubavuni, nikasikia koridoni sauti ninayoijua vizuri: "Mama Neema wa Nakivale yuko wapi? Kwa banawake hayuko." Ningeweza kujifunika shuka.

"Mama Divine," niliita. "Ni mimi."

Alisimama na sufuria mkononi. "Wewe? Nilikuonesha kovu yangu! Hata bwana yangu hajaiona!"

"Nilikuwa na haya."

"Na mimi je, sina haya?"

Akaweka sufuria chini, akaondoka. Ilikuwa ndizi na maharagwe. Nilikula nikilia, maana njaa ilikuwa inaniuma.

Leo nimepona, ingawa mkono wa kushoto haubebi gunia tena. Picha ile niliifuta siku hiyohiyo. Niliandika ukweli kundini, wakanitoa, na walikuwa na haki. Namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Divine. Wanaume wenzangu, jipapaseni vifua, na mkienda kuuliza, msijifiche kwenye jina la mtu.

Mama Divine, sufuria yako ninayo, nimeisugua. Ukitaka, mtume mtu yeyote aje kuichukua. Aulizie Byamungu. Ndilo jina langu, sikuwahi kukuambia.