Kufuli la Ghala kwenye Intaneti

Jumanne nilisimama dirishani kwenye ofisi moja ya Nachingwea, mtoto mgongoni, nikifuatilia cheti chake cha kuzaliwa. Nilikuwa nimetoka Marambo alfajiri kwa bodaboda. Karani alibonyeza kompyuta, akatikisa kichwa.

"Mama, taarifa za mtoto hazipo. Kuna mtu aliingia kwenye mtandao wetu akavuruga mafaili. Utajaza fomu upya."

Bosi wake akatoka ndani na funguo mkononi. "Haitatokea tena," alisema, akanionyesha ruta, kile kidude kinachogawa intaneti. Kilikuwa ndani ya kizimba cha nondo, kimefungwa kwa kufuli la ghala la korosho. "Kazi ya fundi wa Ruangwa hiyo. Nani atapita hapo?"

Chini ya kizimba palibandikwa karatasi yenye neno la siri la intaneti, kwa kalamu nene, linasomeka hadi barazani, ambako vijana wa bodaboda walikuwa wakitazama marudio ya mpira kwenye simu.

Mimi si msemaji, lakini niliuliza taratibu, "Na lile neno, baba?"

"Lile la wageni, mwanangu. Mgeni akae hivi hivi?"

"Na kompyuta za ofisi zinatumia lipi?"

"Hilohilo," karani akajibu. Bosi akamkata jicho.

Nikajaza fomu upya. Kizimba kile kingefaa zaidi kufugia kuku. Nilipofika barazani simu yangu ikalia: ilikuwa imejiunga yenyewe na intaneti ya ofisi, kwa neno nililolinakili ukutani mwezi uliopita nilipoleta fomu ya kwanza. Ofisi ile inaikumbuka simu yangu. Mwanangu haimjui.