Waya Mwekundu wa Bwana Ngazi

Majirani walimbandika jina la Bwana Ngazi kwa sababu fundi huyu wa lifti, miaka ishirini na miwili kazini, hakupenda kabisa kupanda lifti. Alijua mno yaliyomo ndani yake. Siku hizi hata ngazi zilikuwa zinamshinda. Wenzake wawili walikuwa wameacha kazi, majengo yao akaangushiwa yeye, na uchovu ukamwingia mpaka kwenye mifupa. Bosi akimuuliza hali, jibu lake lilikuwa moja tu: "Salama."

Jumapili hiyo mchana alikaa sebuleni, miguu kwenye beseni la maji ya moto, kompyuta ya kitinda mimba wake mapajani. Binti huyo ndiye aliyemtia kwenye gemu la kujenga kwa matofali, ambamo unatandaza nyaya, swichi na taa mpaka unapata saketi inayofikiri kidogo. Wazee wengine hucheza bao. Huyu wetu alikuwa anajenga lifti, kana kwamba za wiki nzima hazikumtosha. Sharti lake: lifti isiende mpaka mlango umefungwa na kitufe kimebonyezwa. Vyote viwili. Kimoja kikikosa, itulie.

"Hebu ijaribu, mama," alimwambia binti, akampa kompyuta.

Binti akabonyeza. Lifti ikapanda mlango ukiwa wazi, na kondoo mmoja aliyekuwa anachungulia akatumbukia shimoni.

"Baba, umeua kondoo," binti alisema huku anacheka. "Si ulisema haiendi mlango ukiwa wazi?"

Baba akaichukua kompyuta, akachungulia nyuma ya ukuta. Kulikuwa na waya alioupitisha mwenyewe kando ya swichi ya mlango, ili aijaribu lifti bila kufunga mlango kila mara. Alikuwa amesahau kuutoa.

Yeye hakucheka. Kazini alikuwa akifanya vilevile: kila ukaguzi aliunganisha waya wa kuiruka swichi ya mlango, kisha akautoa kabla ya kuondoka. Na kwa kuwa hakukiamini kichwa chake, waya huo ulikuwa mwekundu, tena aliufunga kwenye ufunguo wa pikipiki yake. Bila ufunguo haondoki, kwa hiyo bila waya haondoki. Lakini jana pikipiki ilikuwa gereji; ufunguo aliufungua kwenye waya akamwachia makanika, akaenda kazini na waya peke yake.

Alitoa miguu kwenye beseni, akamwaga mfuko wa vifaa sakafuni. Bisibisi, koleo, tochi. Waya hakuna. Akampigia simu mlinzi wa lile jengo alilokagua lifti jana.

"Shikamoo, fundi."

"Zima lifti. Sasa hivi, swichi kubwa."

"Kuna bibi wa ghorofa ya nne anaisubiri hapa, na mjukuu wake."

"Zima kwanza, maneno baadaye."

Alisikia hatua zikienda mbio, kisha mlio wa swichi.

"Nimezima. Bibi anauliza wewe ni nani hata umpandishe ngazi na magoti yale."

"Mwambie kosa ni langu. Nakuja kumwomba radhi."

Chumba cha mashine kilikuwa juu, baada ya ghorofa saba. Alipofika, alipanda ngazi moja moja, akipumzika kila kona, na kila alipopumzika alimwona yule kondoo, kisha mjukuu wa watu ambaye hata sura yake haijui. Waya ulikuwa palepale alipouacha. Akautoa, akautia mfukoni.

Lifti hakuiwasha. Siku hiyo hakuiamini mikono yake, aje fundi mwingine aikague upya. Akafungua kitabu cha lifti, akaandika: "Waya wa ukaguzi ulisahaulika tangu jana. Aliyeusahau ni mimi."

Chini yake palikuwa na nafasi ya kujaza sababu. Miaka yote alikuwa anajaza "vumbi" au "uchakavu", na bosi alikuwa anapitisha. Safari hii akaandika, "Nimechoka," akatia saini, akashuka kwenda kubisha hodi ghorofa ya nne.