Siku nilipomvua MC pama lake uwanjani kwa sababu ya ushungi wa Zuhura

Wakuu, kwema?

Mimi humu ni msomaji, kuandika siandikagi. Ila jana nimepita kwenye uzi mmoja, kaka yetu anawapanga wanawake wa ushungi kama anapanga nyanya sokoni, nani mkali kuliko nani. Wachangiaji nao wanamimina tu. Mmoja anasema yeye akiona ushungi, akili inahama.

Nimecheka. Halafu nimekasirika. Halafu nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kulisimulia popote.

Ninayoandika hapa nilikuwepo, na mikono iliyofanya ni hii hii inayochapa. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Miaka ya tisini katikati. Mwanza ilikuwa imechangamka balaa. Biashara zimefunguliwa, maduka yanaota kila kona, mitumba imejaa, sabuni zina majina ambayo hatujawahi kuyasikia. Kila tajiri mpya anataka ajulikane. Ndipo zikaingia promosheni: gari lina spika juu, muziki, MC anapayuka, ukisimama kushangaa unapewa kipande cha sabuni. Tulikuwa tunazipenda, nisiwadanganye.

Mimi ni Msukuma wa Magu, Mkristo, mrefu, na mdomo ninao. Nilikuwa naishi kwa shangazi Ilemela, jioni nacheza netiboli timu ya kata. Namba yangu GK, mlinzi wa goli. Mtu akipita kwangu ujue nimeumwa.

Mfungaji wetu, yaani GS, alikuwa Zuhura, Mmanyema wa Ujiji, anakaa kwa baba yake mdogo, Mzee Rajabu, muuza mitumba. Wakuu, yule binti alikuwa anafunga! Anasimama chini ya pete, anapumua mara moja, mpira umeshaingia.

Alicheza na ushungi wake umebanwa kwa pini, na suruali ndani ya sketi ya timu. Refa hakuwa na neno, sisi hatukuwa na neno. Baba yake mdogo alishamruhusu kwa sharti hilo na maisha yakaenda.

Basi akatokea tajiri mmoja wa sabuni, akaandaa bonanza la netiboli. Zawadi ya bingwa ng'ombe dume. Ng'ombe, wakuu! Kwa Msukuma hapo ushaniua.

Na akamleta MC kutoka Dar. Tulimwita MC Pazi. Mzaramo, mchekeshaji kwelikweli, anavaa suti ya kung'aa na kofia kubwa ya pama, jua liwake mvua inyeshe haimtoki kichwani. Siku ya kwanza tu alitangaza kwenye spika kwamba sisi Wasukuma ni watani zake, kwa hiyo atatusema atakavyo na atakayenuna amekosea kabila. Uwanja mzima ukacheka. Na kweli, Wazaramo na sisi ni watani toka enzi za mababu. Mtani anakutania, anakuchukulia kitu chako, unakikomboa, na hasira huna ruhusa.

Shida ilianza nusu fainali.

Zuhura alifunga mabao mpaka wapinzani wakabaki wanaangaliana. MC Pazi badala ya kusifia ufungaji, akaanza na ushungi. "Jamani, mtoto wa ushungi huyo! Mnadhani huko ndani kuna nini? Mimi silali leo!" Kila Zuhura akigusa mpira, hadithi ni hiyo hiyo. Wanaume waliokaa juu ya mawe wakadakia, wakaanza kupiga makofi kwa mpigo: "Funua! Funua!"

Niseme kitu hapa. Sisi wengine tulikuwa na sketi fupi, miguu yote nje. Hakuna aliyetuimbia. Yaani mtu amejisitiri kwa imani yake, ndiye anageuzwa sinema. Nilikuwa sijawahi kuliona hivyo mpaka siku ile.

Zuhura alimaliza mechi. Ila nilimwona anakaza pini zile mara kwa mara.

Habari zikafika kwa Mzee Rajabu kabla hata hatujafika nyumbani. Hakufoka. Alituita mimi na Zuhura, tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Fainali nakuja mwenyewe. Nikilisikia lile neno mara moja tu, Zuhura anatoka uwanjani, na mpira ameuaga. Sitaki mtoto wa kaka yangu awe burudani ya wahuni."

Zuhura alilia usiku ule kuliko nilivyowahi kumwona. Netiboli ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho kinachoitwa chake.

Mimi nikaja na wazo langu la kishujaa. Nikamwambia, "Fainali timu nzima tuvae ushungi. Tuone atamtania nani."

Nilidhani atanikumbatia. Akanitazama, akasema, "Ushungi wangu siyo jezi, Minza. Mkiuvaa kwa ajili ya mchezo, mtakuwa mmeufanya mchezo kama yeye." Wazo langu nikalizika hapo hapo.

Tukaamua kumfuata MC mwenyewe, tumwombe kistaarabu. Tulimkuta pembeni ya gari la matangazo anakula sangara. Alitusikiliza huku anacheka. "Watani zangu mbona mnanuna? Watu wameongezeka kwa sababu yake huyu. Tajiri kafurahi mpaka basi." Zuhura akamwambia yeye ni Mmanyema, siyo mtani wake. MC akasema, "Ukikaa Usukumani ushakuwa Msukuma."

Na jina lake halisi huyo MC ni la Kiislamu kabisa. Hilo ndilo lilimuuma Zuhura kupita yote.

Fainali ikafika. Wapinzani wametoka Nansio, wameshuka na meli asubuhi, wana mashabiki wao na ngoma zao. Watu juu ya mawe, watu juu ya miti, watu juu ya lile gari lenyewe. Mzee Rajabu nilimwona, kanzu nyeupe, amekaa jiwe la mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti.

Mechi ilikuwa moto. Nansio wana mfungaji mfupi mnene anayeruka kama chura, alinitesa! Tunafunga, wanafunga. Na MC, maajabu, anatangaza vizuri tu. Nikaanza kuamini kuwa maombi yetu yalimwingia.

Zuhura akafunga bao la kutuweka mbele. Shangwe. Ndipo spika ikasema:

"Wapenzi wa sabuni bora! Nimeongea na tajiri. Wakishinda hawa, mtoto wa ushungi atakuja hapa mbele, ATAFUNUA, tumwoshe nywele kwa sabuni yetu tuone zinavyong'aa!"

Juu ya mawe wakaanza: "Funua! Funua!"

Mzee Rajabu akasimama. Akaingia uwanjani taratibu, hamwangalii mtu. Refa akapuliza filimbi. Zuhura alikuwa ameshika mpira. Alimwona baba yake mdogo anakuja, akauweka mpira chini mwenyewe, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Wakuu, kile kitendo cha kuuweka mpira chini ndicho kilinipandisha hasira.

Nilitoka golini kwangu nikavuka uwanja mzima. Sikumfuata Zuhura, nilimfuata MC. Ananiona nakuja anacheka, "Haya, mtani huyo, kaja kunipiga!" Nikampokonya pama lake. Hapo hapo. Nikalinyanyua juu, mkono wangu mrefu hawezi kulifikia. Nikapaza sauti, "Mimi ndiye Msukuma! Mimi ndiye mtani wako wa kweli! Umependa kufunua watu, tumeanza na wewe. Kofia hii utaikomboa kwa kumwomba radhi Zuhura!"

Uwanja ulilipuka. Akina mama wauza samaki wanapiga vigelegele, wanaume wale wale wa juu ya mawe sasa wanamwimbia yeye: "Funua! Funua!"

Halafu kelele zikapungua, zikaisha.

Kichwa cha MC Pazi kilikuwa na kovu la moto. Kubwa. Limeanzia juu ya paji la uso mpaka kisogoni, linang'aa, hakuna unywele. Watu wachache wakacheka, wengine wakaguna. Yeye alidondosha kipaza sauti, spika zikapiga yowe, akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili. Mtu mzima na suti yake. Na kukasirika hawezi, kwa sababu sheria ya utani aliitangaza mwenyewe.

Mimi nimesimama na pama mkononi, najua nimeshinda, ila sijui nifanye nini na ushindi wenyewe.

Zuhura akaja. Alinichukulia kofia mkononi bila kuniuliza. Akampa MC, akasema, "Vaa, kaka." Hakudai radhi. Alisimama mbele yake akiwapa watu mgongo, akamkinga mpaka alipomaliza kuivaa.

MC aliokota kipaza sauti. Kisha akasema, "GS wa Ilemela anaitwa Zuhura. Nimemkosea yeye na mzee wake. Mzee, shikamoo, naomba radhi."

Tukamgeukia Mzee Rajabu. Amesimama katikati ya uwanja, fimbo mkononi, watu wote wanamsubiri yeye. Alimtazama MC, akamtazama Zuhura.

"Marahaba," akasema. Akamwambia Zuhura, "Cheza."

Akarudi kwenye jiwe lake.

Wakuu, kilichofuata siwezi kukieleza vizuri! Yule binti alicheza kama aliyefunguliwa kamba. Kila mpira ndani. Na mimi yule chura wa Nansio nikamfungia mlango. Bao la mwisho filimbi iko mdomoni mwa refa, Zuhura akapumua mara moja tu, pete haikuguswa hata kidogo. Nilimkimbilia nikamwangukia, tukagaragara vumbini wote, pini zimeshika vilevile!

Ng'ombe alichinjwa na Mzee Rajabu mwenyewe ili kila mtu ale. Ilemela walikula, Nansio walikula, MC Pazi akaja na pama lake kichwani akala, tena alipewa mahali pazuri. Tajiri hakuonekana.

Pale kwenye nyama nikamwuliza Zuhura, kwa majigambo kidogo, si unaona nilivyokukomboa?

Akatafuna kwanza. Akaniambia, "Nashukuru, Minza. Ila mimi aliniumiza kwa kipaza sauti. Ungemnyang'anya kipaza sauti. Kichwa ni chake."

Mpaka leo tuna wajukuu, tunapigiana simu, na hili hatujakubaliana. Mimi sijutii hata nukta moja, kwa sababu bila lile pama kutoka, yule bwana asingejua anachokitania. Yeye anasema kichwa cha mtu hakifunuliwi kwa nguvu, hata kikiwa cha aliyekukosea.

Nilichojifunza: yule anayejisitiri hajakutegeshea fumbo ulifumbue. Amejisitiri kwa ajili ya Mungu wake na nafsi yake, wewe haumo kwenye mpango. Ukianza kuhesabu kilichomo ndani, hiyo kazi umejipa mwenyewe.

Haya, uwanja ni wenu. Nilikosea mimi au Zuhura alizidisha huruma? Dada zangu mnaovaa ushungi naomba muanze nyie, wengine tukae kwanza tuwasikilize.