Mlango wa Bafu

Fundi aliingia na nyundo mkononi bila hata kubisha hodi. "Mama, leo sitoki hapa mikono mitupu. Vibarua wangu wamenikalia kooni."

Mama mwenyewe, nesi mstaafu, alikuwa akivitoa tena vyombo kwenye maboksi. Alikuwa anataka kuuza nyumba ahamie kwa binti yake. Mnunuzi, dereva wa lori, alikuwa amekubali bei kwa sharti moja: kwanza bati linalovuja lizibwe, na mlango wa bafu upanuliwe, upitishe kiti cha magurudumu cha mama yake. Fundi akabomoa, akajenga, akafunga vyuma vya kushikia ukutani. Nani angelipa nini? Hakuna aliyeuliza. Nyumba si ilikuwa kama imeshauzwa?

Kisha Jumatatu hii dereva akapiga simu. Mama yake amefariki. Hataki tena nyumba.

"Kaka, mimi sikuomba mlango mpana," nesi alisema. "Mdai yeye."

"Yeye anasema nyumba ni yako. Mnanirushiana kama mpira! Basi nang'oa vyuma vyangu."

Nesi akamtangulia bafuni, akajitanua mlangoni. Lakini mlango ulimzidi. Pembeni bado pangepita mtu. Fundi akainua nyundo.

"Ukigonga tu, naita majirani!"

"Waite! Wao ndio watanilipa?"

Wakasikia hodi. Dereva alikuwa amesimama sebuleni, macho mekundu, shati likimpwaya. Alikuwa amekuja kuomba radhi. Aliwapita wote wawili, akaingia bafuni, akashika chuma kimoja na kukivuta kwa nguvu. Hakikutikisika.

"Umekikaza vizuri," alimwambia fundi.

Fundi akashusha nyundo.

"Bati lilivuja tangu marehemu mume wangu yupo," nesi akasema. "Hilo langu."

"Mlango na vyuma ni juu yangu," dereva akajibu. "Nipeni hadi mwisho wa mwezi."

"Andika," fundi akasema.

Dereva akaandika. Alilipa kwa awamu mbili, na ile ya pili ilichelewa hadi fundi akafoka kwenye simu. Nyumba ilikaa miezi mitano bila mteja. Alipopatikana mmoja, alitaka jiko lipakwe rangi kwanza.

"Nunua," nesi alimwambia, "halafu upake mwenyewe."