Koti Langu Kwenye Migomba

Tumbili wa nyuma ya nyumba yangu wananijua kuliko ndugu zangu. Wanajua saa ninayokunywa chai, wanajua goti lipi linaniuma. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini wale sidhani kama kuna darasa walilokosa.

Bustani yenyewe si kubwa, iko kati ya nyumba na kisima. Kakao wanapasua, wananyonya utamu wake, mbegu wanatema, nami naziokota. Hilo nimeshazoea. Kinachonikera ni mgomba mmoja, wa ndizi fupi zenye ganda jembamba. Marehemu mke wangu alichukua chipukizi lake kwao Busale, akalifunga kwenye kanga, akaja nalo kichwani siku ya mvua. Nilimcheka, maana kubeba mgomba kuuleta kwetu ni kama kubeba maji kuyapeleka ziwani. Nilipozionja ndizi zake, kicheko kikaisha. Alipenda kunikumbusha kicheko kile mbele ya wageni, lakini hayo ni mambo yetu wawili.

Tangu nimzike, mgomba ule umezaa mara mbili, na mara zote mbili tumbili wamemaliza mkungu mimi sijaonja hata ndizi moja. Mwaka huu ukazaa tena. Nikasema safari hii nitakula, hata kama itanibidi kushinda chini yake. Nikapeleka kigoda.

Sasa shida ikawa mkwe wangu. Mwanangu yuko Kasumulu, anabeba mizigo kwa baiskeli, mkewe kabaki na mimi. Kwao wanashika mila ya zamani: mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, hapiti mbele yake. Wengi siku hizi wameacha, hata wazee wa kanisa wanatucheka. Yeye hajaacha, na mimi kumlazimisha naona aibu. Basi kila nikisikia ndoo inagonga, najua anakwenda kisimani, nanyanyuka na goti langu nampisha. Nikirudi, nakuta maganda. Tumbili nao walikuwa wanaisikiliza ile ndoo.

Nikatengeneza sanamu. Nikafunga miti miwili, nikajaza majani makavu ya migomba, nikalivalisha koti langu la kanisani la zamani na kofia yangu. Nililiangalia nikaona kweli nimezeeka. Mpango ulikuwa kwamba sanamu litishe, na mkwe wangu akipita awarushie mawe.

Siku ya tatu natoka Ipinda kusaga, nikakatiza kwa nyuma. Tumbili mmoja amekaa begani kwa sanamu, anamenya. Mwingine ameshika kofia. Na mkwe wangu je? Amejibanza nyuma ya mkakao, kanga usoni, ndoo chini, anasubiri koti limpishe. Nilitaka kucheka, nikatamani kulia. Kati ya viumbe wote wa bustani ile, aliyeliogopa sanamu langu ni mmoja tu.

Zamani neno langu kwake lilipitia kwa mke wangu. Sasa sina wa kumtuma, kwa hiyo nasema na kuku, yeye akiwa jikoni anasikia. Jioni ile nikakaa kibarazani nikamweleza kuku kwamba lile ni koti na majani, si mtu, na mwenye kupita apite, awapige wale washenzi. Kuku akaendelea kuchakura.

Kesho yake, mkwe wangu akajibanza tena. Nikamrudia kuku, sauti imepanda. Nilisema maneno mengi, mengine hayakumhusu kuku wala mtu. Ndipo nikasikia kutoka jikoni, polepole, akiniita baba kwa kilugha chetu:

"Kuku, mwambie tata kwamba koti lake ni yeye. Mimi siwezi kulipita."

Nilikwenda nikalivua. Mkungu ulikuwa umebaki nusu, na zile zilizobaki bado mbichi. Nikarudi ndani na koti langu limejaa mavi ya tumbili mgongoni.

Asubuhi iliyofuata hata ile nusu haikuwepo. Niliwatukana tumbili mpaka nikakohoa. Halafu nikaona shina limekatwa kwa panga, safi kabisa. Kutoka jikoni ikasikika:

"Kuku, mwambie tata ndizi ziko kwenye gunia la mpunga. Siku ya tano zitakuwa zimeiva."

Siku hizo tano nilipita karibu na gunia lile mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima. Ya tano ikafika, sahani ikawekwa kibarazani, aliyeiweka akaingia ndani kabla sijageuka. Ndizi sita, zina madoa. Nikamenya. Utamu upo, lakini si ule. Zilikatwa mapema, zimeivishwa kwa lazima, na katikati bado kuna ugumu. Kwa sababu ya tumbili sitajua kama ulimi wangu ndio umezeeka au ni ndizi.

Nilikula zote sita. Juu ya mkakao tumbili walikuwa wamekaa wananitazama. Nikamwambia kuku, kwa sauti ya kusikika jikoni, ndaga fijo, asante sana, na mwakani tukate mapema kidogo tu, si mapema hivi.