Shahidi wa Mkono wa Koti

Kwenye barabara ile ya mafundi cherehani, kila mtu alijua kwamba Pima hampendi Kola. Kola peke yake ndiye aliyejifanya hajui. Pima alikuwa na miaka thelathini kwenye kazi, na jina hilo alipewa kwa sababu humpima mteja mara mbili na bado akabaki na shaka. Kola alikuwa mwanafunzi wake. Pima alimpokea hajui hata kutia uzi kwenye sindano, akamfundisha mpaka akaiva, na alipoiva akaenda kupanga chumba ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango.

Kilichomuuma Pima zaidi ni mkono wa koti. Koti la Kola lilikuwa na bega linaloteremka bila mkunjo, na mwenye koti akinyanyua mkono, koti halipandi naye. Pima aliutafuta mkono ule miaka mitatu asiupate. Alikuwa akishona huku jicho moja liko ng'ambo: nani kaingia, nani katoka, nani katoka anacheka.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "siku moja utajishona kidole."

"Nimeshajishona," akajibu, akamwonyesha.

Basi Alhamisi moja, saa nne asubuhi, waziri akauawa kwa risasi akizindua daraja katika mji ulio mwendo wa usiku kucha kwa basi. Wiki iliyofuata polisi wakaja kumchukua Kola. Maelezo ya serikali yalikuwa mafupi: huyu aligombana na marehemu hadharani kuhusu kubomolewa kwa vibanda, Jumatano saa moja jioni alipanda basi, jina lake liko kwenye daftari la nyumba ya wageni jirani na daraja, akarudi alfajiri ya Ijumaa. Majirani wakaulizwa kuhusu Alhamisi. Wote wakasema kweli: mlango ulikuwa na kufuli kutwa. Kola alisema alikuwa ndani anashona, lakini mkewe alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Hakuna aliyemwona mtu.

Alikuwepo mmoja aliyemwona, na huyo ni Pima.

Alhamisi ile Pima aliiona kufuli, lakini alimjua Kola. Akiwa na kazi inayotaka utulivu hufunga mbele, akaingia kwa nyuma ili wateja wasimsumbue. Na kazi ya siku ile ilikuwa koti la bwana harusi mmoja, mteja wa Pima wa miaka mingi, ambaye Jumatano jioni Pima alimtazama kwa macho yake akivuka barabara na kitambaa cha buluu kwapani. Wivu ulimpanda mpaka kooni. Asubuhi akazunguka uchochoroni, akapanga matofali mawili chini ya kidirisha cha nyuma, akapanda. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita alisimama pale kama mwizi, akimtazama Kola akikata kitambaa kilekile, apate kuuona mkono unavyoingizwa.

Kola alipokamatwa, Pima alisikia utamu ambao hakutaka kuutaja. Wateja walirudi. Kila jioni alijiambia kwamba kesho atasema, na kila asubuhi akakuta watu watatu wanamngoja mlangoni. Ikapita miezi minne hivyo.

Kilichomtoa kimya si huruma. Kesi ilipoanza, bwana harusi alisema mahakamani kwamba kitambaa alikipeleka Jumatano jioni na koti akalichukua Ijumaa asubuhi. Mwendesha mashtaka akajibu kwamba hilo halisumbui: mshtakiwa aliondoka, na koti akashonewa na fundi mwingine. Kesho yake mteja akaingia kwa Pima anatabasamu.

"Kumbe lile koti la buluu ni kazi yako? Mtaa mzima unasema. Kola alikuwa anauza jina tu. Basi nishonee kama lile."

Pima alishika futi kamba, akashindwa kumpima. Sifa aliyoililia miaka mitatu imeletwa mezani bure, na ni ya mtu mwingine. Akiikubali, itabidi aushone mkono huo, na hawezi. Akafunga kibanda mchana, akaenda nyumbani, akamweleza mkewe yote.

Mama watoto akauliza, "Miezi minne?"

"Minne."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vaa shati lingine twende kwa wakili."

Siku ya ushahidi, Pima alipokwisha kueleza alichokiona dirishani, mwendesha mashtaka alimwendea taratibu.

"Wewe ni rafiki wa mshtakiwa?"

"Hapana. Simpendi."

Watu wakacheka. Kola, kizimbani, amekonda, alitazama sakafu.

"Humpendi, lakini ulisimama dirishani kwake saa tatu nzima. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naiba."

"Ukiiba nini?"

"Mkono wa koti, mheshimiwa. Nilitaka kuona anavyoushona."

"Ukauona?"

"Sikuuona. Alipofika hapo pasi ilimponyoka, ikaunguza kitambaa chini ya kwapa la kushoto. Kisha akakata kipande, akakitia kiraka kwa ndani, akakifunika na bitana. Mwenye koti hajui. Mimi nilifurahi sana, ndiyo maana nakumbuka."

Jaji akaagiza koti liletwe. Bwana harusi alilileta mchana ule, na karani akalifumua bitana kwa wembe mbele ya wote. Kiraka kilikuwepo, kidogo kama kiganja cha mtoto, na pembeni yake weusi wa pasi.

Mwendesha mashtaka akajaribu tena. "Fundi mwingine hawezi kuunguza koti? Hata wewe?"

"Kuunguza naweza," Pima akasema. "Ila mkono huo siwezi. Ningeweza, nisingepanda tofali."

Wiki tatu baadaye Kola aliachiwa. Jaji alisema mwandiko wa kwenye daftari haukuthibitishwa kuwa wake, na mtu hawezi kuwa mahali pawili. Msemaji wa polisi akatangaza redioni kwamba wao wanaendelea kuamini maelezo yao ya awali.

Kola alikuja kibandani siku ya pili, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Fundi wangu," akasema, "ungebisha hodi ningekufungulia. Ningekuonyesha."

"Najua," Pima akasema. "Ndiyo maana sikubisha."

"Na miezi minne?"

Pima aliinamisha kichwa, akasema nisamehe, kwa sauti ambayo hata cherehani ingeifunika. Kola hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alivuka barabara, akafungua mlango wake.

Wateja walimfuata makundi kwa makundi. Waliotaka koti na waliotaka tu kumwona mtu aliyeponea chupuchupu, wote walipanga foleni kwa Kola. Pima aliyemtoa gerezani alibaki na jina jipya, Dirisha, na utani usiokwisha. Wivu haukumtoka. Aliuona umekaa palepale, umenenepa hata.

"Ungenyamaza tu," mkewe alimtania.

"Halafu kila mteja angetaka mkono ule. Ningeushonaje?"

Hawakuwa marafiki. Lakini mke wa Kola akipita humsalimia Pima kwa jina la shemeji, na Pima huitika, kisha hugeuza uso upande wa ukuta mpaka apite.